Rangi za Samaki na Macho Yanayochagua

Kufundisha habari za rangi za samaki hapa Tabora ni kazi ya taabu, kwa kuwa samaki wengi wanaotufikia hawana rangi. Dagaa na migebuka hutujia kutoka Kigoma wamekwisha kaushwa kwa jua au kwa moshi. Mtoto wa hapa akiulizwa samaki ni wa rangi gani, hujibu, “Wa kahawia,” wala hasemi uongo.

Kwa hiyo somo la uteuzi wa asili nililianza kwa maharage. Nilitwaa 40 meupe na 40 mekundu, nikayatawanya juu ya udongo mwekundu chini ya mwembe. Wanafunzi wakawa ndege: kila mmoja aje mbio, aokote harage aonalo kwanza, aondoke. Nusu yalipokwisha okotwa, nikasema kwamba yaliyosalia yamezaa, nikaongeza kwa kila moja jingine la rangi ile ile. Tukafanya hivyo mara 4. Mwisho meupe yalikuwa ya kuhesabiwa kwa vidole, na mekundu yamejaa. Ndipo nikauliza, “Je, mmeona harage hata moja lililobadilika rangi?”

Wakanyamaza. Swali hilo ndilo kiini cha somo lote, na hapo maneno yetu wenyewe hututega. Twasema, “Samaki amebadilika rangi ili asionekane,” kana kwamba alikaa akafanya shauri. (Kinyonga tumwache, ana habari zake.) Samaki huzaliwa wakitofautiana kidogo. Waonekanao upesi huliwa kabla ya kuzaa. Wasioonekana husalia, na kuwarithisha watoto rangi yao. Aliyebadilika si samaki, ni ukoo.

Fikra hii ilisomwa mbele ya wenye elimu mjini London tarehe 1 Julai 1858, katika maandishi ya Charles Darwin na Alfred Russel Wallace. Yafaa sisi wa Tabora tuukumbuke mwaka huo. Mwezi ule ule Mwingereza Speke alimwacha mwenziwe Burton hapa Kaze, akashika njia ya kaskazini, hata akaliona ziwa aliloliita Victoria. Miezi michache kabla walikuwa wamefika Ujiji pamoja kwa njia ya misafara. Basi njia zile mbili zilizogawanyika kwetu ziliwafikisha kwenye maziwa mawili ambayo leo wataalamu wa dunia nzima huja kuyachungulia kwa ajili ya samaki wake.

Habari ya Mwanza ndiyo inayonivuta zaidi. Katika visiwa vya ghuba ile wako furu wa jinsi mbili, ambao wataalamu huwaita Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. Jina hili la pili ni kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya siasa alifundisha elimu ya viumbe na Kiingereza katika shule ya St. Mary’s hapa Tabora. Dume wa jinsi ya kwanza ni wa buluu, naye hukaa karibu na juu. Wa pili ana wekundu mgongoni, naye hukaa chini zaidi, ambako mwanga ufikao umeelekea wekundu. Majike rangi yao ni hafifu, nao humchagua dume kwa macho. Kumbe si macho ya adui pekee yanayochagua. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba mahali maji yalipojaa tope, jike hakumtambua vema dume wa jinsi yake; jinsi zikachanganyika na rangi zikafifia. Sangara, aliyetiwa ziwani miaka ya 1950, aliwala furu wengi mno, lakini tope hufanya kazi yake kimya.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kutaka kumtoa mwanawe katika somo hili. “Mwalimu,” akasema, “nasikia wawaambia watoto kwamba samaki wamejiumba wenyewe.”

“La, baba. Yale maharage hayakujiumba, wala hayakujichagua.”

“Basi nani aliyeyachagua?”

“Macho ya watoto, na udongo.”

Akafikiri kitambo. Akasema kwamba hata yeye kila mwaka hutenga magunzi yenye mahindi mazuri kuwa mbegu, na mahindi ya shamba lake si yale aliyoachiwa na babaye. “Lakini mimi najua nitafutacho,” akasema. “Ndege hajui.” Sijasikia mwanafunzi aliyelisema jambo hilo vizuri kuliko yeye. Hatukupatana katika yote, lakini mtoto hakutolewa.

Naye mtoto huyo ndiye aliyeuliza: mvua ikichukua udongo wa mashamba yetu, huupeleka wapi? Tukafuata katika ramani kwa kidole: mto Igombe mpaka Malagarasi, na Malagarasi mpaka ziwa Tanganyika, kusini ya Ujiji. Darasa zima likakodoa macho. Muhula ujao tutateka maji ya Igombe katika chupa, kabla ya mvua za kwanza na baada yake, tuyaache yatulie, kisha tupime tope kwa rula.