Uani kwa Halima

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshalaza vumbi, na njia nzima ya Kwihara ilinukia udongo na maembe yaliyoiva. Bibi alipakiwa nyuma ya baiskeli ya mjomba, kanga yake kaifunga vizuri isishikwe na gurudumu. Mimi nafuata na baiskeli yangu, nikisimama kila penye embe dodo. Bibi alisema miembe ile imetokana na kokwa za watu wa misafara, waliokula huku wakitembea, wenye mizigo na wenye minyororo.

Kutoka Tabora mjini si mbali. Ghafla unaliona tembe: kuta nene za udongo mwekundu, paa bapa, mlango wa mbao zilizonakshiwa kama wa pwani. Bibi alimwamkia mzee mlinzi, "Mwangaluka," akaitikiwa, wakaulizana habari za mvua na mpunga bila haraka. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri na harufu ya mbao kuukuu. Tukaelezwa kwamba wasafiri Livingstone na Stanley waliingia humu Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, mwenzake akabaki kusubiri wapagazi hadi Agosti 25.

Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Baba, na aliyekuwa akiwapikia, alilala wapi?"

Mzee akatutoa uani. Palikuwa na jua kali, kuku wawili, na jivu la moto wa jana. Bibi akakaa kwenye kivuli cha ukuta, akafungua kitambaa chake cha michembe na karanga, akamkaribisha na mzee. Tulitafuna kimya, michembe mitamu na migumu, na bibi akawa anautazama ule ua kona kwa kona.

Nilikuwa mtu mzima niliposoma shajara ya Livingstone. Mpishi alikuwa Halima, mke wa Amoda. Siku moja, katika miezi ile ya kusubiri, aligombana na mwenzake Ntaoeka, akaondoka. Akarudi mwenyewe, lakini akasimama nje mpaka Livingstone alipotoka kumwambia aingie. Akapewa nguo nzito ya baridi, na shajarani ikaandikwa kwamba wakifika Zanzibar ataachwa huru, anunuliwe nyumba na bustani.

Hapo moyo huniuma kila nisomapo. Livingstone aliipinga biashara ya watumwa kwa nguvu zake zote, na uhuru wa mwanamke aliyempikia ukawa bado wa kesho. Livingstone alifariki Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo. Mwezi uliofuata soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Huku kwetu bara utumwa haukupigwa marufuku kisheria hadi 1922. Bibi alizaliwa baada ya hapo; mama yake, kabla.

Nataka wanangu wakifika Kwihara waoneshwe chumba cha wageni wale wawili, kisha watolewe uani, waambiwe na jina la Halima.