Ndoa ya Bibi na Sheria ya Leo

Katika mhadhara kuhusu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, babu zetu walioa watoto. Je, tuwaite wahalifu?" Darasa lilicheka. Mimi nilimkumbuka bibi yangu.

Bibi aliolewa kabla ya Uhuru, katika kijiji kilichokuwa Karagwe na ambacho tangu mwaka 2012 kiko Wilaya ya Kyerwa. Hakuijua tarehe yake ya kuzaliwa. Alitueleza tu kwamba alipopelekwa kwa mumewe alikuwa hajavunja ungo. Mahari ilitolewa, rubisi ikanywewa, wazee wakashuhudia. Cheti hakikuwapo.

Babu alipofariki, nikiwa kijana wa sekondari, mzee mmoja wa ukoo alisimama kikaoni akadai kwamba bibi si mke kwa mujibu wa sheria, kwa kuwa hana cheti. Hivyo kibanja kirudi kwenye ukoo. Siku hiyo nilijifunza jambo ambalo vitabu vilinithibitishia baadaye. Kuirudisha sheria nyuma huonekana kama kumtetea binti aliyeozwa, kumbe ndoa ikifutwa anayepoteza ni yeye: hadhi yake, uhalali wa watoto wake, na migomba aliyoipalilia karibu miaka hamsini.

Waliotunga sheria ya 1971 waliliona hilo. Ndoa zilizokuwa halali kabla yake, za kimila zikiwamo, ziliendelea kuwa halali. Nayo Katiba, ibara ya 13(6)(c), inakataza kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa alipokitenda.

Hata hivyo, kutomwadhibu babu si kuitakasa desturi. Bibi aliumia, na hakuna kifungu kinachofuta maumivu hayo. Tena sheria hiyohiyo ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15. Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba; Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ule ulipita bila marekebisho.

Bibi alibaki katika kibanja chake hadi alipozikwa humo. Nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: babu aliishi chini ya sheria ya wakati wake. Sisi tunaijua hukumu ya mahakama, na binti wa Kyerwa anayeozwa leo hatuwezi kumwambia kwamba hatukujua.