Nusu Saa ya Angani

Baina ya uwanja wa ndege wa Unguja na ule wa Chake Chake pana kiasi cha kilomita 125 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo ya injini moja huzimaliza kwa nusu saa. Rubani aendaye moja kwa moja hukikata kisiwa kwa mshazari, akatokea baharini karibu na Kiwengwa, Mnemba ikabaki kushoto kama sahani iliyosahauliwa majini. Kisha maji hugeuka nili. Unguja imekaa katika bahari ya kina kifupi, jirani na bara. Pemba imetengwa na mlango wa bahari wenye kina cha mamia ya mita. Abiria wa meli hawahitaji kipimo kulijua hilo. Matumbo yao huwaambia.

Boti za kasi zimezipunguza saa za safari, lakini hazikuifuta hofu. Tangu usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama Spice Islander ikielekea Pemba, wapo waliokula yamini kutovuka tena ila kwa ndege. Wenye uwezo, yaani. Nauli ya ndege ni mara kadhaa ya ile ya boti, na yamini ya maskini huvunjwa na mfuko wake.

Mwanamke mmoja wa Wete, aliyeolewa Unguja, alipigiwa simu baada ya Alfajiri: mamake amefariki, na maziko ni baada ya Adhuhuri. Kwao wanawake hawaendi makaburini. Ama angemuona mamake ndani ya nyumba, ama asingemuona tena. Boti ya siku ile ilikwisha jaa. Palibaki kiti kimoja cha ndege ya saa tano.

Huko Wete mashauri yakaanza barazani. Ami yake marehemu, ambaye ujanani alivuka kwa jahazi akingojea upepo wa kusi, alisema, "Unguja mbali, wanangu. Maiti hacheleweshwi."

Kijana mmoja akajibu kwa adabu, "Ami, kwa ndege ni nusu saa tu."

Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo palipokuwa na uzito. Nusu saa ile haikuhesabu teksi ya kwenda uwanjani, wala foleni ya mizani, ambako mzigo uliozidi kilo 15 huweza kukataliwa. Haikuhesabu ndege iliyochelewa hadi karibu na saa saba, wala njia ya kutoka uwanjani kupitia Chake hadi Wete, yenye kona na vilima vya mikarafuu. Adhuhuri iliadhiniwa angali amekaa kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi, akiogopa kuuliza.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi mngojeni mpaka Alasiri. Isipite hapo."

Alifika saa nane na nusu. Wanawake wakampisha, mmoja akamfunulia sanda usoni.

Mkoba wake wa mchele na sukari ya hitima, uliozidi kilo sita, ulibaki uwanjani Unguja. Ulifika Mkoani kwa boti siku ya tatu, baada ya hitima kusomwa.