Kabla Useme Huna Masikio, Angalia Tyuna

Ukiambia wasee wa gitaa kwamba gitaa yako haikai kwa sauti, utapata majibu mawili tu. Wa kwanza atakwambia gitaa ya bei rahisi ni kuni, weka doo ununue ya maana. Wa pili atakwambia agiza tyuna za Schaller kutoka Ujerumani ama Gotoh kutoka Japani, zile za kufunga uzi, na shida zako zitaisha siku hiyo hiyo. Mimi naona wote wawili wanaongea na mtu mwenye pesa. Hakuna mwenye anaongea na yule mtoi wa sekondari ako na gitaa moja, ile alinunuliwa, na hakuna ingine inakuja.

Na hiyo ndiyo inaniuma, juu gitaa isiyokaa kwa sauti haikusumbui tu. Inakudanganya. Unatuni, unacheza kodi mbili, inasikika vibaya, unatuni tena, inasikika vibaya tena, na baada ya wiki tatu unaanza kuamini shida ni wewe. Mtu mwenye amecheza miaka kumi atasikia gitaa mbovu aseme gitaa ni mbovu. Mwanafunzi hana hiyo kinga. Yeye anajishuku kwanza.

Cuzo wangu alijishuku muhula mzima. Ako na miaka 15, na gitaa yake ni nakala ya Stratocaster, nyeusi, mtumba, shilingi 12,000. Alikuwa anacheza kwa bendi ya vijana kanisani kwao mpaka kiongozi wa bendi akamwambia mbele ya watu kwamba hana masikio ya muziki, afadhali arudi kwaya. (Sijui kwaya yao inaimba kwa kutumia nini. Pua?) Akaenda nyumbani, akasukuma gitaa chini ya kitanda, na anti akaanza kuuliza kama kuna mtu anaeza kuinunua.

Kabla ya kugusa gitaa nilitaka kujua kuhusu hayo masikio. Hii unaeza kufanya hata wewe, haina gharama. Chukua simu mbili, weka programu ya kutoa toni kwa kila moja. Moja iweke hezi 440, ndiyo A ile kila mtu anatunia. Nyingine iweke 443. Ukizicheza pamoja utasikia sauti inapanda na kushuka, wa-wa-wa, mara tatu kila sekunde, juu tofauti ya 443 na 440 ni tatu. Sikumwambia namba. Nilimuuliza tu anasikia nini. Akafunga macho, akasema, "Kwani hiyo inatetemeka?" Nikashusha mpaka 441. Akasema sasa inatetemeka pole pole. Nikaweka zote 440, akasema imetulia.

Huyo ndiye mtu waliambia hana masikio.

Basi tukatoa gitaa chini ya kitanda. Na hapa nataka niwe wa haki, juu mara nyingi tyuna inalaumiwa bure. Kama hujui gitaa, tyuna ni vile visikio sita kwenye kichwa chake, vile unazungusha kukaza ama kulegeza nyuzi. Ndani yake kuna skrubu ndogo inayosukuma gia yenye meno. Uzuri wa huo mpangilio ni kwamba skrubu inaeza kuzungusha gia, lakini gia haiezi kuzungusha skrubu. Ndiyo maana uzi unavuta usiku kucha na kisikio hakisogei. Nyuzi sita za kawaida za gitaa ya umeme, zile zinaanzia unene wa inchi 0.010, zikikazwa zinavuta karibu kilo 47 kwa pamoja. Hiyo ni karibu mfuko mzima wa simiti umening'inia kwa vile vyuma vidogo. Hata tyuna ya bei ya chini mara nyingi inashikilia.

Kwa hivyo kabla uende tao na pesa, anza na washukiwa wengine. Nyuzi mpya zinanyooka siku za kwanza, lazima uzivute kwa mkono utuni tena mara kadhaa. Uzi uliozungushwa raundi nane ovyo ovyo kwa mti wa tyuna utaendelea kujibana na kulegea. Raundi mbili ama tatu safi zinatosha. Halafu kuna kile kipande cheupe chenye mifereji sita, pale shingo inakutana na kichwa. Wacheza gitaa wanakiita nati, ingawa haina undugu na nati ya spana. Kama mfereji umebana, unazungusha kisikio na uzi hausogei, halafu ghafla unasikia "ting!" na sauti imeruka juu. Hiyo si tyuna. Hiyo ni nati. Chora ndani ya mfereji na penseli ya kawaida, ile risasi yake inalainisha. Ni dawa ya shilingi 20.

Yetu ilikuwa na "ting" kidogo kwa uzi wa tatu, hiyo G ambayo husumbua gitaa nyingi. Tukapaka penseli. Ikapunguza, haikumaliza. Ndipo tukashika kila kisikio kimoja kimoja. Hapo hakukuwa na mjadala. Cha uzi wa tatu ungekizungusha nusu raundi nzima kabla sauti ibadilike hata kidogo. Cha tano kilikuwa na mti unayumba ndani ya shimo kama jino la mtoto. Cha kwanza plastiki yake ilikuwa imepasuka, alikuwa anazungusha na koleo. Na watu walikuwa wanamwangalia akizungusha na koleo jukwaani, halafu wanasema shida ni masikio.

Kuna kitu nilimfundisha wakati tunangoja pesa, na ni ya bure pia. Gia zote zina nafasi kidogo kati ya meno. Ukishusha uzi kufikia noti, hiyo nafasi inabaki wazi, na ukiupinda mara moja, unateleza. Kwa hivyo kama umepita noti, shuka chini kabisa halafu panda tena uifikie kutoka chini. Kila mara. Hata kwa gitaa ya laki mbili.

Kununua ndiyo mahali watu wanaliwa. Kwanza, tyuna zina pande. Gitaa kama ya cuzo ina visikio sita kwa mstari mmoja, vyote upande mmoja. Nyingine, kama zile za umbo la Les Paul, zina vitatu kushoto na vitatu kulia. Hiyo seti ya tatu-tatu ukiiweka kwa kichwa cha mstari mmoja, nusu ya visikio vitaangalia chini. Jamaa wa duka alinipa seti ya tatu-tatu akisema "zote ni sawa tu, boss." Si sawa.

Pili, na hii ndiyo kubwa, ni shimo. Tyuna za kisasa zilizofunikwa nyingi zinataka shimo la milimita 10. Za mtindo wa zamani zinakaa kwa shimo dogo zaidi, karibu milimita 8.7. Ukienda dukani bila kipimo unabahatisha. Toa tyuna moja, sukuma ile bushi ya chuma itoke, pima shimo lenyewe. Si bushi, shimo. Letu lilikuwa chini kidogo ya milimita 9.

Tatu, namba kama 14:1 ama 18:1. Maana yake ni mara ngapi unazungusha kisikio ndio mti uzunguke mara moja. Mti wa milimita 6 ukizunguka mara moja unavuta karibu milimita 19 za uzi. Kwa 14:1, raundi moja ya kisikio inavuta kama milimita 1.3, kwa 18:1 ni kama milimita 1. Ukubwa wa hiyo namba unakupa utulivu wa kufikia noti. Lakini 14:1 isiyoyumba ni bora kuliko 18:1 ya mzaha, usilipie namba tu.

Hizo za kufunga uzi ni tamu, sikatai. Unabadilisha nyuzi haraka na hakuna raundi za kuteleza. Lakini seti ya jina kubwa ingekula pesa inayokaribia bei ya gitaa yenyewe, na nati bado ni ile ile ya plastiki. Tulichukua za kawaida zilizofunikwa, 15:1, shilingi 1,900. Anti alitoa thao moja, mimi nikamalizia.

Shida ni kwamba zilitaka milimita 10. Seremala wa mtaa akasema leta, napitisha drili dakika moja. Nikamshukuru nikaondoka na gitaa. Drili ya kawaida kwa shimo ambalo tayari lipo inaeza kunyakua ukingo ing'oe rangi na mbao, na kichwa cha gitaa si meza. Tulitumia tupa ya mviringo na msasa uliozungushwa kwa penseli, tukipanua kidogo kidogo pande zote mbili, na kila baada ya muda tunajaribu kama tyuna inaingia. Mashimo sita, mchana mzima. Cuzo alifanya manne. Kwa la tatu alikuwa ameshajua kwa kusikia tu ile tupa wakati imebaki kidogo, na nikafikiria tena kuhusu hayo masikio ambayo hana.

Matundu ya skrubu ya zamani hayakulingana na mapya, jambo la kawaida. Tuliyaziba na vijiti vya meno na gundi ya mbao, tukakata, tukaacha mpaka asubuhi. Halafu tyuna zote zikaingia, nati zake za mbele zikakazwa kwa vidole tu kwanza. Tukaweka rula ndefu ili zikae mstari mmoja, ndiyo tukatoboa vitundu vya skrubu. Kitundu kiwe chembamba kuliko skrubu, na weka teipu kwa ncha ya drili kuonyesha mwisho wa kina, la sivyo utatokea upande wa mbele ulie. Skrubu zenyewe ni ndogo na laini, zinakatika vichwa ukilazimisha. Zisugue kwa sabuni ya kipande kabla ya kuingiza. Mwisho kabisa ndiyo unakaza zile nati za mbele na spana namba 10. Huna? Uliza mtu wa bodaboda yeyote, hiyo ndiyo spana hakosi. Kaza ishike tu. Ukikaza kama gurudumu utapasua rangi.

Jioni tukaweka nyuzi, tukazivuta, tukatuni, tukavuta tena. Akacheza kwa saa nzima. G ilishuka kidogo mara mbili. Zingine tano zilikaa.

Sitakudanganya kwamba gitaa sasa inasikika kama ya bei kali. Tyuna haibadilishi sauti ya pikapu, na frete za juu bado zinakwaruza. Kitu imebadilika ni kwamba sasa akikosea anajua amekosea, na akipatia anajua amepatia. Hiyo tu. Lakini bila hiyo hakuna kujifunza. Angalia benga: gitaa mbili zinaongea, moja inajibu nyingine huko juu kwa shingo, mtindo uliofuata nyuzi nane za nyatiti. Moja ikihama kidogo, mtaa mzima unasikia. Wale wasee hawakuwa na masikio ya ajabu kutushinda sisi. Walifunza masikio yao na vyombo vilivyokuwa vinasema ukweli.

Kwa bendi hajarudi. Kiongozi hajasema pole na sidhani atasema, na cuzo anasema hataki kurudi saa hii, anataka kwanza amalize wimbo mmoja anautunga. Anti ameacha kuuliza bei. Tyuna za zamani tumeziweka kwa mkebe, mbili bado ziko fiti na kuna mtu siku moja atahitaji kisikio.

Imebaki ile G. Nimeshaamua si tyuna, ni nati ya plastiki, na penseli imefika mwisho wake. Nati nzuri huchongwa kwa mfupa, na sisi hatuhitaji kuagiza mfupa kutoka ng'ambo. Kibera kuna mafundi wanaochonga vito na mapambo kwa mifupa ya ng'ombe. Tunataka kipande kimoja tu, kilichokauka vizuri, tuchonge mifereji wenyewe. Jumamosi tunaenda. Cuzo ameshapima, milimita 42, ameandika kwa mkono ndio asisahau.