Kakuma: Kazi Ileile, Malipo Tofauti

Barabara kuu inayotoka Lodwar kuelekea mpaka wa Sudani Kusini inapita katikati ya mathenge, yale magugu ya miiba ambayo hata mbuzi wa Turkana wameyachoka. Laga ya Tarach, mto wa msimu, ilikuwa kavu nilipofika. Wanawake wa Kiturkana walikuwa wakivuka mchanga wake na makaa vichwani, kwenda kuyauza kambini. Zamani, waliniambia, waliweza kuyabadilisha kwa unga wa mgao. Siku hizi mgao umepunguzwa mno, na mkimbizi hana unga wa kumpa mtu.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianza mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudani. Sasa, ukijumlisha na makazi ya Kalobeyei, ina watu wapatao 300,000. Na si Wasudani tu: Kiswahili cha Uvira na cha Bujumbura unakisikia kila kona.

Katika shule moja nilikuta watoto wamebanana wanne, watano kwenye dawati. Mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Kivu Kusini, alitoka nje kupumua kidogo.

“Mwenzangu wa darasa la jirani ni Mkenya,” alisema. “Mtaala mmoja, watoto ni walewale. Yeye ana mshahara, mimi nina insentivu.”

Insentivu ni malipo madogo apewayo mkimbizi, kwa hesabu kwamba anajitolea tu. Na huyu yuko mbele ya ubao kuanzia asubuhi mpaka jioni! Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1966, na kifungu cha 24 kinataka mkimbizi anayeishi nchini kihalali atendewe kama raia katika ujira. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 nayo inamruhusu kufanya kazi ya taaluma yake, mradi vyeti vyake vitambuliwe. Hapo kwenye vyeti ndipo wengi wanapokwama. Anayekimbia risasi usiku hubeba mtoto kwanza.

Tumezoea kudhani kumlisha, kumtibu na kumsomesha mkimbizi ni kazi ya Umoja wa Mataifa, na serikali imetimiza wajibu ikishatoa ardhi. Lakini Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya afya, chakula, maji safi na elimu, awe raia au asiwe. Ni kweli Waturkana wenyewe hawajazipata zote. Wapo wanaokwenda kutibiwa katika zahanati za kambi. Hilo halilipunguzi deni la serikali. Linalifanya kuwa madeni mawili.

Sokoni nilikaa na mzee mmoja Mrundi mwenye duka la bamba chakula, ule mpango wa kutuma fedha za chakula kwa simu. Daftari lake la madeni lilikuwa nene kuliko Biblia iliyokuwa kando yake. Fedha zikichelewa au zikipungua, wateja hukopa, naye hukopa kwa wauzaji wa jumla wa Kitale. Kwenda Kitale mwenyewe kuchagua mali hawezi bila kibali cha kutoka kambini, kwa hiyo huagiza kwa simu na kupokea atakacholetewa. Siku ile sukari ilikuja imelowa.

Ukutani kulikuwa na leseni ya biashara ya Kaunti ya Turkana, imewekwa kwenye fremu.

“Hiyo nalipia kila mwaka,” alisema. “Hao wa kaunti hawajawahi kuniuliza kibali.”