Matungu, Mahali Maji Hayarudi

Matungu i mbali na bahari. Kutoka Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, hadi nchi ya miwa katika kaunti ya Kakamega, takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, sisi watu wa pwani hatukuanza leo kuizoea njia hiyo. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili ilipanda kutoka pwani hadi ufalme wa Wanga. Biashara ile ilikwisha, lakini lugha ilibaki na dini ilibaki. Nabongo Mumia, aliyetawala tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kufariki mwaka 1949, alisilimu. Mji wa Mumias unaitwa kwa jina lake, na Matungu, jirani yake, ndiko yaliko makaburi ya wafalme wa Wanga.

Udugu huo ndio unaotupeleka huko mpaka leo, mara kwa arusi, mara kwa hitima, mara kwa Maulidi. Na tukishafika, baada ya maamkizi na chai, watoto huomba jambo moja tu: wapelekwe kuuona Mto Nzoia.

Hapo ndipo penye neno letu la juma hili. Mtoto wa pwani akiona maji hudhani amefika nyumbani. Amekulia ufuoni, anajua kuogelea, ameshika kasia tangu mikono yake haijaweza kulizunguka. Ujuzi huo ni neema, lakini una mipaka yake, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Tuanze na tunayoyajua. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mikondo huwa na nguvu. Siku za maji mafu hutulia. Kwa hiyo wazee hawakushusha chombo kabla ya kuhesabu mwezi na kuangalia upepo, kama ni kusi au kaskazi. Hasa waliihofia milango ya miamba wakati maji yanapopwa, kwani mkondo unaotoka ukikutana na upepo unaoingia, mawimbi husimama wima kama kuta.

Ufuoni nako pana adabu zake. Mawimbi huja kwa makundi. Mpiga makasia husubiri makubwa yapite, kisha hutoka upesi wakati wa utulivu, omo ikiyatazama mawimbi. Chombo kinachogeuza ubavu hujaa maji au hupinduka. Wakati wa kurudi, husubiri nje ya mahali mawimbi yanapovunjika, akaingia nyuma ya mgongo wa wimbi, asikimbizane nalo. Na asisimame mtu baina ya chombo na nchi kavu, kwani wimbi moja latosha kumbamiza kwa uzito wote wa mbao. Kikipinduka, abiria hukishikilia, maana chombo kinachoelea huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

Tena pana ule mkondo unaorudi baharini. Huonekana kama ujia mtulivu kati ya mawimbi yanayovunjika, na utulivu huo ndio unaowadanganya watoto. Aliyechukuliwa nao asishindane nao. Aogelee sambamba na ufuo hadi atoke ndani yake, ndipo arudi nchi kavu.

Sasa tutazame Nzoia. Mto huu hupokea maji ya milima ya Cherangani na ya miteremko ya Mlima Elgon, husafiri zaidi ya kilomita 250, kisha huingia Ziwa Viktoria karibu na Port Victoria, ukipitia Budalang'i ambako mafuriko yake yanajulikana kwa huzuni. Hauna bamvua wala maji mafu. Mvua ikinyesha mbali huko juu, mto hupanda Matungu chini ya jua kali, bila wingu hata moja. Maji yake ni ya rangi ya udongo, hayaonyeshi gogo lililozama wala shimo lililoachwa na wachota mchanga. Na kwa kuwa si ya chumvi, hayambebi mtu kama bahari inavyombeba. Muogeleaji wetu huchoka mapema kuliko alivyozoea.

Mahali palipo mbali na daraja watu huvuka kwa mtumbwi, na kumtazama mvushaji ni darasa tosha. Tuliyemkuta alikuwa amechomeka kijiti ukingoni kabla hatujafika, apate kujua kama maji yanapanda. Hakukata mto moja kwa moja. Alipanda kwanza kando ya ukingo kuelekea mto unakotoka, mahali maji yanapokwenda polepole, kisha akaielekeza omo mshazari dhidi ya mkondo, mkondo wenyewe ukamsukuma hadi ng'ambo. Macho yake yalikuwa juu ya mto muda wote, akitazama magogo yanayokuja. Tulipomuuliza anachokiogopa zaidi, alituonyesha mti ulioangukia majini kwenye kona ya nje. "Maji hupita kati ya matawi," alisema, "mtu hapiti."

Maneno hayo tunawapa watoto wetu kama yalivyo. Baharini wimbi lililokuchukua huenda likakurudisha. Mtoni, kilichochukuliwa kimekwenda. Aliyeanguka alale chali, miguu itangulie unakoelekea mkondo, apige mikono mshazari kuelekea upande wa ndani wa kona, ambako maji ni mapole. Mti ulioanguka auepuke kwa nguvu zake zote.

Kwa akina mama tuna maneno mahsusi. Buibui likilowa huwa zito na huzinga miguu. Sitara yetu haituzuii kujikinga: jaketi la kuokolea maisha livaliwe juu ya buibui na kufungwa barabara, na ushungi mrefu ukunjwe usinase popote. Mtoto mchanga asibaki mgongoni kwa leso ndani ya chombo. Chombo kikipinduka, mama huenda akaelea kifudifudi au chali, na aliyefungwa mgongoni hana njia. Afunguliwe, apakatwe mbele, naye awe na jaketi la kipimo chake.

Na chombo kilichojaa tusikipande, hata kama adhana ya Magharibi imekaribia na wenyeji wanatungoja. Hatujasahau Aprili 29, 1994, kivuko cha Mtongwe kilipopinduka Mombasa na kuondoka na roho 272. Kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi, mita chache tu kutoka nchi kavu. Rabi awarehemu. Ikiwa msongamano uliweza kukizamisha chombo cha chuma, mtumbwi wa mti mmoja utastahimili nini?

Wako wanaosema kwamba kuuliza maswali mengi kabla ya kupanda chombo ni upungufu wa imani. Sivyo tulivyofundishwa. Ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali. Dua ya safari husomwa na mtu aliyekwisha kuangalia mawingu, kuhesabu abiria na kufunga jaketi la mwanawe.

Likizo ijayo familia nyingi zitapanda tena kwenda Matungu na Mumias. Waendao na waende kwa salama. Mkifika mtoni, mwacheni mwenyeji atangulie na mumuulize kuhusu mto wake, hata kama nyinyi ni wana wa manahodha. Akisema leo hakuvukiki, rudini mkale muwa. Mto utakuwapo kesho.