Barua kutoka Maskati: Mvuvi Anayemwachia Kasa

Ndugu zangu wa Amu, Shela, Matondoni, Kipungani, Pate, Siyu na Faza, na nyinyi mlioko juu Kiwayu na Kiunga,

Barua zangu zilizopita zilikuwa za kazi, kodi za nyumba na joto la huku. Ya leo ni ya kasa. Mwaka huu likizo yangu sikuimalizia katika maduka ya Muttrah. Niliimalizia kisiwani Masirah nikikata nyavu pamoja na watu wa kujitolea.

Kisiwa hicho kiko upande wa Bahari ya Arabuni. Ukitoka Maskati unasafiri kwa gari saa nyingi jangwani mpaka bandari ndogo ya Shannah, kisha unapanda kivuko. Kwenyewe ni majabali, mchanga na upepo usiopumzika. Ndiko anakotaga yule kasa mwenye kichwa kikubwa na taya za kuvunjia kaa na makombe, ambaye wavuvi humwita duvi. Katika miaka ya 1970 watafiti walikadiria kwamba majike wapatao 30,000 walikuwa wakipanda fukwe za Masirah kutaga kila mwaka, na kisiwa kikahesabiwa miongoni mwa makao makubwa kabisa ya duvi duniani. Tangu wakati huo wamepungua mno. Mwaka 2015 shirika la IUCN, linaloorodhesha viumbe walio hatarini, liliwaweka duvi wa kaskazini-magharibi mwa Bahari ya Hindi katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Wanakufa zaidi kwa nyavu, zile zinazofanya kazi baharini na zile zilizotupwa. Jumuiya ya Mazingira ya Oman, iliyoanzishwa mwaka 2004, hupeleka watu wa kujitolea kuziondoa hizo zilizotupwa. Wavu ukiachwa ufukweni, mchanga huufukia nusu yake na nusu nyingine ikabaki wazi. Jike la duvi akipanda usiku kutafuta pa kuchimba, pezi lake huingia tunduni, na kadiri anavyovuta ndivyo anavyozidi kujifunga. Jua likichomoza humkuta pale pale. Sisi kazi yetu ilikuwa kuuondoa wavu kabla jike hajapanda. Hauvutwi kwa nguvu wavu huo, maana hukatika na vipande vikabaki chini. Unachimba kwa mikono ukiifuata kamba ya chini, ile yenye chubwi, mpaka uifikie mwisho, ndipo ukate, ukunje na kuubeba hadi garini. Tulikuwa Waomani, Wahindi, Wafilipino, Waingereza, na mimi binti wa Shela. Jioni vidole vilikuwa havikunjiki. Nilifurahi siku zile kuliko nilivyofurahi kwa muda mrefu.

Upande wangu wa kamba nilikuwa na mzee mmoja wa mji wa Sur ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi. Alipojua nitokako alisimamisha kisu.

“Amu! Baba yangu akija kwenu kila kaskazi, na tende na chumvi. Kusi ikianza anarudi na boriti. Dari ya nyumba yetu ya zamani ni mikoko ya kwenu, binti yangu.”

Nikamwambia biashara ile ilikwisha, maana Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, “Na kasa wa kwenu, nani anawalinda?”

“Wavuvi, ami.”

Hakuridhika. Huku kwao kasa analindwa na serikali. Ras al-Jinz, karibu na Sur, ni hifadhi kwa amri ya Sultani tangu 1996. Kasa kwa maelfu hupanda pale kila mwaka, na mgeni hukata tiketi, akapelekwa usiku na kiongozi, kwa makundi, bila kuwasha tochi ovyo. Nimekwenda, nimeona jike akichimba huku machozi yake mazito yakitiririka, na nimewaona walinzi wakizuia watu kwa adabu. Ni kazi inayostahili heshima. Lakini jibu nililompa mzee wa Sur lilikuwa fupi mno, na nataka kulirefusha mbele yenu, kwa kuwa nyinyi ndio mnaolijua.

Pale Shela, Lamu Marine Conservation Trust, LaMCoT kama tunavyoiita, iko tangu 1992. Mpango wake mnaujua. Mvuvi au mpita njia anayeona alama za kasa mchangani hutoa taarifa na kupewa kifuta jasho. Kiota kikiwa mahali ambapo bamvua litakifikia, mayai huhamishwa juu kwa uangalifu. Kasa aliyenaswa akiletwa hai hupimwa, hutiwa kipande cha chuma chenye namba kwenye pezi, akarudishwa baharini. Kaskazini zaidi, Kiunga ni hifadhi ya taifa ya bahari tangu 1979, na mwaka uliofuata UNESCO iliiingiza katika hifadhi zake za bayosfia. Miaka ya 1990 WWF ikaingia huko kufanya kazi pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na wanavijiji.

Sasa tazameni mpango wote huo umesimama juu ya nani. Fukwe zetu ni ndefu na visiwa ni vingi. Hakuna serikali inayoweza kuweka mlinzi kila mahali kuanzia Kipungani hadi mpaka wa Somalia. Anayepita pale alfajiri kila siku ni mvuvi. Anayejua kwamba kasa alipanda jana usiku, kwa kuiona njia yake mchangani kabla upepo haujaifuta, ni mvuvi. Na anayemkuta kasa amejiviringisha ndani ya jarife, maili kadhaa kutoka nchi kavu, mahali ambapo hakuna jicho la mwanadamu mwingine, ni mvuvi peke yake na baharia wake.

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa jarife. Kasa akiingia wavuni hatulii, hujipindua na kuvuta mpaka macho ya wavu yakapasuka pima kwa pima. Kumtoa mzima kunataka subira, na mara nyingi kunataka kisu. Nimemwona baba akirudi Shela na jarife lenye pengo, samaki hakuna, na siku iliyofuata haendi baharini bali anakaa kivulini na uzi. Hapo mtu amepoteza mara tatu: mavuno ya siku ile, uzi wa kununua, na siku ya kushona. Juu ya hayo ameachilia nyama ambayo zamani ingegawiwa mtaa mzima, na mafuta ambayo wazee waliyasifu kuwa dawa ya pumu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamkataza kumchukua, hilo ni kweli. Lakini kule nje sheria haina macho. Akimwachia, amemwachia kwa hiari yake, na mimi namhesabu mtu huyo kuwa mjitoleaji wa kwanza wa uhifadhi, ingawa jina lake haliandikwi popote.

Tunachomtaka afanye si kidogo, ndiyo maana nasisitiza. Kasa huvuta pumzi kama sisi. Akipumzika anaweza kukaa chini ya maji kwa saa kadhaa, lakini akipapatika wavuni hewa humwishia upesi. Wavu uliotegwa jioni ukaachwa hadi asubuhi humtoa maiti, ila mvuvi akiupitia usiku huenda akamwahi. Na akimtoa amelegea kama mfu, asimtupe baharini. Amlaze kifudifudi kivulini, ainue sehemu ya nyuma kwa shibiri moja ili maji yatoke mapafuni, amfunike kitambaa kilicholowa na kumwachia pua, kisha asubiri. Wengine huzinduka baada ya saa nyingi. Ni nani mwenye muda huo ikiwa dau linasubiriwa na mnunuzi ufukweni?

Faida ya subira hiyo huja polepole sana. Jike hutaga mayai mia moja na zaidi kidogo, huyafukia, akaondoka. Baada ya kiasi cha miezi miwili vitoto hutoka usiku na kukimbilia mwanga wa bahari, na taa za mahoteli zikiwa kali kuliko bahari, hukimbilia huko vikafia kwenye ukuta. Wenye nyumba za ufukweni Shela, zimeni taa za upande wa bahari msimu wa vitoto; hilo halina gharama. Vitoto vinavyofika majini vingi huliwa. Kasa anayebaki huchukua miaka zaidi ya 20, pengine 40, kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo aliyeachiliwa na mvuvi mwaka 1992 akiwa mtoto, huenda sasa ndipo anapopanda kutaga.

Na miaka hii yote wavuvi wa Lamu hawakukaa kwa raha. Mwaka 2011, baada ya wageni kushambuliwa na kutekwa Kiwayu na Manda, watalii waliondoka, hoteli zikafunga milango, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka. Wajitoleaji wa kigeni nao hawakuonekana, na sikuwalaumu, kila mtu ana mama yake. Lakini mvuvi wa Mkokoni au Kizingitini hakuwa na pa kwenda. Kisha ikaja bandari mpya ya Lamu. Mfereji ulichimbwa, matope yakafunika nyasi za baharini ambazo ndizo malisho ya kasa, na wavuvi wakapoteza maeneo waliyoyarithi. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Mtu aliyepitia hayo yote, na bado anamwachia kasa, anatudai.

Mniruhusu hapa neno moja kwa vijana wa Ulaya na Marekani wanaokuja Lamu kujitolea, kwa kuwa baadhi yenu mtawatafsiria. Karibuni. Fagieni fukwe, pimeni, andikeni, wafundisheni watoto kuogelea. Ila mkifika, wiki ya kwanza kaeni na wavuvi mkasikilize. Mimi nilikwenda Masirah nikiwa mtoto wa mvuvi, na hata hivyo kwa siku za mwanzo mzee wa Sur ndiye aliyenielekeza pa kuchimba. Na msivibebe vitoto vya kasa mikononi kwa ajili ya picha. Viacheni vitembee vyenyewe mpaka majini.

Na kwenu nyumbani neno lenye uchungu. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Mwaka 2021 watu 7 walikuwa wamefariki huko huko Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Kasa, hasa ng'amba, huweza kubeba sumu kutokana na vitu anavyokula, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala haionekani kwa macho. Nyama iliyoliwa salama jana haisemi lolote kuhusu ya leo. Waambieni watoto, na muwaambie wale wanaouza kwa siri.

Sasa naja kwenye ombi langu. Sisi watu wa Lamu tulioko Maskati, Dubai, Jeddah na London tunachanga vizuri. Msiba ukitokea, harusi, paa la msikiti, madrasa, simu moja tu na pesa zimefika. Kwa kasa hatujawahi kuchanga, tumewaachia Wazungu na mashirika, kana kwamba bahari ile si yetu. Nataka tuanze, na nataka fedha ziende kwa mvuvi aliyepasuliwa wavu. Akileta taarifa kwamba amemwachia kasa hai, na baharia wake akathibitisha, alipwe uzi na kipande cha wavu siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi. Akisubirishwa mwezi mzima kwa sahihi za ofisini, hataleta taarifa ya pili. Hesabu zisomwe hadharani bandarini kila mwezi, mbele ya kamati ya wavuvi, ile BMU ya kila kijiji, ili asiwepo wa kusema pesa zilipotelea njiani. Wanaoshona nyavu nao walipwe, na wengi wao ni wazee ambao hawaendi tena baharini.

Najua wapo watakaosema watu watapasua nyavu zao makusudi. Mvuvi gani ninayemjua atapasua jarife la maelfu ya shilingi ili apewe uzi? Na kama yupo mmoja, kijiji kitamjua kabla yetu.

Hapa Maskati nimeshazungumza na Waamu wenzangu, na wamekubali rial mbili kila mwezi. Kinachotukwamisha ni bei. Kwa hiyo naomba kila kijiji kinitumie mambo matatu kabla ya kusi kuanza: bei ya sasa ya pisi moja ya wavu wa jarife pale Amu mjini, bei ya uzi wa kushonea, na majina ya wazee wanaoshona, pamoja na ujira wao kwa siku. Mpeni mwenyekiti wa BMU aandike, atume kwa simu. Matondoni, najua nyinyi mtakuwa wa kwanza.

Wassalaam,
binti yenu wa Shela